Trela dogo la kulala: usidanganywe na uzito wa likiwa tupu

Dada, umeuliza kama gari lako la Toyota RAV4 litaweza kuvuta trela la kilo 600 mkienda kupiga kambi Colorado na watoto. Hizo 600 ni za trela tupu. Ukijaza lita 80 za maji tu, umeongeza kilo 80, bado mtungi wa gesi, betri, magodoro na masufuria. Soma kibandiko cha trela chenye uzito wa juu unaoruhusiwa, kisha ulinganishe na uzito ambao kitabu cha gari lako kinasema linaweza kuvuta. Sehemu ya mbele ya trela inayoegemea gari ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela likiwa limejazwa. Ikipungua, trela linayumba vibaya barabarani, nami hilo lilinitisha sana. Ukinunua la mtumba, bonyeza kuta za pembeni kwa kidole. Zikibonyea, maji yameshaingia, liache.