Muulize Bwana Shamba: Bustani ya Kwanza Katika Nchi ya Theluji

SWALI: Bwana Shamba, nakusalimu. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na mama wa watoto wanne. Mwaka jana tulihama mjini Lewiston, katika jimbo la Maine, Marekani, tukapata nyumba kuukuu kijijini yenye kiwanja cha nusu eka. Theluji sasa inayeyuka, jua linawaka, nami nina hamu kubwa ya kushika jembe. Nianze lini, na nianze na nini? Tena, jirani mmoja amenipa mbegu za maharagwe marefu ya kwetu, yale yanayopanda miti. Je, yatazaa huku? – Mama wa Wanne, Maine.

JIBU: Mama yetu, salamu zako nimezipokea kwa furaha. Kwanza nakuomba ukubali kwamba kalenda yako imebadilika. Bukavu mkulima huisubiri mvua ya Septemba ndipo apande, lakini hapo ulipo maji ya kupandia hayakosekani mwezi wa Aprili. Kinachosubiriwa ni udongo upate joto. Jua la Aprili linaweza kukufanya uvue sweta ilhali ardhi ingali baridi kama maji ya kisimani. Basi usiliulize jua, uulize udongo. Chimba kidogo, chukua konzi moja na uiminye: ukifungua kiganja ukakuta bonge lililoshikamana linalong’aa maji, rudi ndani ungoje siku kadhaa, kwa sababu udongo unaolimwa ukiwa tepetepe hukauka ukawa mabonge magumu msimu mzima. Ukimomonyoka vidoleni, lima.

Kabla ya jembe, hata hivyo, kuna jambo ambalo kwa ajili ya watoto wako siwezi kulipita haraka. Umesema nyumba ni kuukuu. Rangi za nyumba zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978, na kuta zilizopakwa kabla ya hapo huendelea kubanduka na kudondosha sumu hiyo kwenye udongo wa kandokando, sumu ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Usipande mboga chini ya kuta hizo; sogea mita kadhaa, na upeleke sampuli ya udongo kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Maine, ukieleza wazi kwamba unataka kujua kiasi cha risasi. Majibu yatakuonyesha pia kiwango cha tindikali, ambayo katika udongo wa Maine mara nyingi ni nyingi. Chokaa huipunguza, na majivu ya jiko la kuni vilevile, ila usiyamwage kabla ya majibu kufika, wala usiyaweke mahali pa viazi, kwa kuwa viazi hupata ugonjwa wa ukoko kwenye ngozi yake.

Pa kulima, chagua upande wa kusini wa nyumba. Kwetu jua hupita utosini, lakini huko adhuhuri huwa kusini daima, na upande wa kaskazini hubaki kivulini. Kwa sababu hiyohiyo mahindi na mimea mingine mirefu ikae ukingo wa kaskazini wa bustani, isiifunike mifupi. Mwaka wa kwanza mita tatu kwa sita zinatosha. Nusu eka itakushinda kwa magugu.

Udongo ukishakubali jembe, panda njegere, spinachi, figili, vitunguu na sukuma wiki, ambazo huvumilia baridi. Nyanya zisie ndani ya nyumba, kwenye dirisha linalotazama kusini, wiki sita hadi nane kabla ya kuzihamisha, kisha uzitoe nje kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja ili zizoee upepo. Wenyeji wengi hawazipandi nje mpaka Jumatatu ya mwisho ya Mei, na wana sababu. Mimi katika msimu wangu wa kwanza ugenini sikuwasikiliza. Nilihamisha miche mapema Mei, ikashuka jalidi, yaani baridi inayogandisha umande, usiku mmoja, na asubuhi nikakuta majani yamelegea na kuwa meusi kama mboga iliyochemshwa. Lengalenga, ambayo wengine tunaiita mchicha, pamoja na kunde na bamia, zisubiri hadi Juni, kwani mbegu zake huoza katika udongo baridi.

Kuhusu maharagwe ya jirani, mengi ya aina hiyo yamezoea siku za saa 12, nayo hayatoi maua mpaka yaone usiku mrefu. Mwezi Juni mchana wa Maine huzidi saa 15, hivyo mmea hurefuka na kusitawi majani tu, na maua yanapoanza, jalidi ya Septemba au Oktoba huwa karibu. Nakushauri maharagwe ya kula ununue mbegu za aina fupi, isiyopanda miti, zinazouzwa hapo, uzipande mwisho wa Mei. Hayo ya kwetu panda kumi tu kwenye miti ukingoni, na yakigoma kuzaa, chuma majani machanga uyapike, maana mboga hiyo naamini unaijua kuliko mimi.