Kwa aliyeuliza cha kutafakari Kwaresima hii

Ndugu, umeuliza mtu atafakari nini Kwaresima hii ukiacha kufunga chakula. Mimi kila mwaka narudi kwa Lorenzo Ricci, Mkuu wa Wajesuiti, shirika la watawa wa Kanisa Katoliki. Mwaka 1773 Papa Klementi XIV alilifuta shirika lote kwa shinikizo la wafalme wa Ulaya, na Ricci akafungwa katika ngome ya Castel Sant'Angelo, Roma, madirisha yakazibwa kwa mbao. Hakuhukumiwa kwa kosa lolote. Novemba 1775, akiwa mahututi, mbele ya Ekaristi aliyokuwa karibu kuipokea, alitamka kwamba shirika halikufanya lolote la kustahili kufutwa, wala yeye hakustahili kifungo. Kisha akawasamehe waliomtenda hayo.

Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu. Wengi wetu tunadhani kusamehe ni kunyamaza, au kujifanya hatukuumia. Yeye aliusema ukweli wote kwanza, na bado akasamehe, tena waliomfunga ni Kanisa lake mwenyewe! Alifia humo humo. Shirika lilirudishwa mwaka 1814, miaka 39 baadaye.

Jaribu kusali na jina moja tu la aliyekuonea, kila Ijumaa kabla ya Njia ya Msalaba.