Kabla hujaniandikia "imegoma": kusakinisha Ardour kutoka msimbo chanzo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tabora, aliyekuwa anasakinisha Ardour, programu ya kurekodi muziki, alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimefuata maelekezo yote, Ardour imegoma. Nisaidie." Chini yake kaweka picha ya skrini aliyoipiga kwa simu, imelala upande, na mstari wa mwisho kaukata. Nikamwambia apige tena, safari hii ashushe simu kidogo. Mstari ule ulisema liblo, laibrari (kipande cha msimbo kilicho tayari) ambayo Ardour inaitegemea, haikupatikana. Basi, amri moja tu: sudo apt install liblo-dev. Akaniuliza, "Kaka, umejuaje?" Nimesoma, mdogo wangu. Imeandikwa hapo.

Najua wengi mnaonisoma mko kama yeye. Laptopu ya mtumba, maiki moja ya maana, kwaya inayowaamini, na pesa ya programu za studio kubwa hamna. Ardour ni yenu. Aliianzisha Paul Davis, ni programu huria yenye leseni ya GPL, na inarekodi chaneli nyingi kwa pamoja kadiri saundi kadi yako inavyoruhusu. Kinachowachanganya watu ni kwamba kwenye tovuti yao, ile iliyokwisha kutengenezwa inalipiwa. Kiasi unajipangia mwenyewe, lakini unalipa. Ukichukua ya majaribio, baada ya dakika 10 sauti inakata. Msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kabla hayajageuzwa kuwa programu inayofunguka, ndio wa bure kabisa.

Kuna wanaouliza kwa nini mtu asichukue ile ya apt, chombo cha kusakinisha programu kwenye Linux kama Ubuntu, yakaisha. Achukue! Kama inamtosha asipoteze muda na makala hii. Ila Ubuntu 22.04 inakuja na Ardour 6.9, na mimi nilitaka toleo la 8 wakati sina hata kadi ya kulipia mtandaoni.

Sababu ya pili sijawahi kuiandika. Tulipeleka nyimbo za kwaya kwenye studio moja ya mjini ili watufanyie miksi. Fundi akaitazama laptopu yangu, mfuniko umefungwa kwa solotepu, akauliza mbele ya mwalimu wa kwaya, "Hii ndiyo studio?" Wakacheka. Mwalimu naye akacheka, na huyo ni mtu ambaye nimemwimbia sauti ya nne tangu shule. Kwenye daladala wakati wa kurudi hakuna aliyeligusa suala lile. Mimi mpaka leo ninalo moyoni, na sitawadanganya kwamba nilijifunza kwa moyo mweupe. Nilijifunza kwa hasira, usiku, kwa sababu bando la usiku ndilo nililolimudu.

Na kwenye bando ndipo watu wanapojipunja. Wanatumia git clone (git ni chombo cha kupakua msimbo pamoja na historia ya mabadiliko yake) wakiongeza --depth 1 ili wapakue kidogo, au wanachukua zipu ya GitHub. Ardour hujua namba ya toleo lake kutoka kwenye historia ya git. Ukileta msimbo bila historia, haijui yenyewe ni toleo gani na itakukatalia mwanzoni kabisa. Vuta yote. Ikishafika, andika git tag uone matoleo, kisha hamia kwenye lililokwisha kutolewa rasmi, mfano git checkout 8.6. Usibaki kwenye tawi la maendeleo ukiwa na kazi ya watu, maana mradi uliohifadhiwa huko unaweza kukataa kufunguka kwingine.

Halafu mahitaji yake. Washa mistari ya deb-src kwenye orodha ya vyanzo vya apt, endesha sudo apt build-dep ardour, na sehemu kubwa ya laibrari zitakuja zenyewe. Baada ya hapo ni ./waf configure --optimize; waf ndicho chombo kinachoijenga Ardour, na hapa kinakagua kama mahitaji yote yapo. Itashuka orodha ndefu, kila kitu na jibu lake, hadi pale itakaposimama. Iliposimama ndipo penye jibu. Taglib utaikuta kwa jina la libtag1-dev, aubio ni libaubio-dev, rubberband ni librubberband-dev, lrdf ni liblrdf0-dev. Umeona mtindo wake. Sakinisha kinachokosekana, rudia configure. Ikisimama tena, soma tena. Msikimbilie kuniandikia, someni mstari wa mwisho!

Kukompaili kwenyewe, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu, ni ./waf -j2, kazi mbili kwa wakati mmoja. Hiyo -j2 muhimu kwa sisi wa RAM ya GB 4, kwa sababu waf ukiiachia inatumia kori zote za prosesa, kumbukumbu inajaa, na unaletewa neno "Killed" likiambatana na cc1plus. Watu hudhani msimbo ni mbovu. Msimbo mzima kabisa, ni Linux imeua kazi kwa kukosa RAM. Tengeneza faili la swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) la GB 4, au shuka hadi -j1, uanzishe tena. Hutarudi mwanzo, faili zilizokwisha kukompailiwa zinabaki. Saa zinazofuata sina cha kusimulia, nilipika ugali nikalala.

Ikikamilika, usiisakinishe bado. Ingia folda ya gtk2_ardour, andika ./ardev, ifunguke papo hapo ilipo. Ikikuonya kuhusu kikomo cha kumbukumbu, jiongeze kwenye kundi la audio, kague mipaka ya rtprio (kipaumbele cha kazi) na memlock (kumbukumbu ambayo programu inaruhusiwa kuishikilia) kwenye /etc/security/limits.d, kisha toka na uingie upya. Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanalalamika sauti inakatakata.

Bafa nayo, yaani sampuli za sauti ambazo kompyuta inazikusanya kwa mkupuo kabla ya kuzipitisha. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 1,024 ni kama milisekunde 21, na mwimbaji aliyevaa hedifoni anajisikia akijifuata nyuma. Ya 256 ni kama milisekunde 5, hapo anaimba bila kushtuka. Mwezi uliopita nilirekodi kwaya yetu hivyo, sauti ya kwanza hadi ya nne, kila moja na chaneli yake. Mwalimu alikaa nyuma yangu kimya, mwishoni akaomba turudie ubeti wa tatu kwa sababu "inasikika vizuri mno kuacha kosa lile". Sikumkumbusha studio ya mjini. Nilitaka sana.

Vijana, acheni kuona aibu kwa vifaa vyenu. Anayekucheka hajui kilichomo ndani ya programu anayoibonyeza kila siku, nawe ukishaijenga mwenyewe mstari kwa mstari unakijua. Someni. Ombeni Mungu, lakini someni. Na siku kwaya ikikulipa, tuma chochote kwa watengenezaji wa Ardour, wanaishi kwa michango hiyo.

Ukiridhika, sudo ./waf install itaiweka kwenye /usr/local, na utaifungua kwa ardour8. Folda ya msimbo usiifute hata kama diski imebana. Utaihitaji kwa ./waf uninstall, na toleo jipya likitoka utavuta mabadiliko tu badala ya kumaliza bando lote upya.