Nilijua Amekufa, Lakini Sikuinuka

Wiki hii mmeuliza: ni mwigizaji gani aliyekugandisha usiondoke mbele ya televisheni, ilhali mwisho wa hadithi ulishaujua? Kwangu ni Inger Stevens katika “The Hitch-Hiker”, sehemu ya tamthilia ya The Twilight Zone iliyorushwa Marekani tarehe 22 Januari 1960.

Tamthilia hiyo kila wiki ilikuja na hadithi mpya na waigizaji wapya, na aliyeizoea hukaa akingoja jambo la kushtua mwishoni. Hapa jambo lenyewe halifichiki. Nan Adams, msichana wa miaka 27, anaendesha gari peke yake kutoka New York kwenda Los Angeles. Akiwa Pennsylvania tairi linapasuka, naye yuko kasi. Fundi anayemhudumia anashangaa: kwa ajali ile, aliyestahili kupigiwa simu ni mwenye gari la maiti, si fundi. Tangu hapo, kila aendako anamkuta mwanamume yule yule kando ya barabara akiomba lifti. Dada yangu hakungoja hata dakika tano. “Huyu ameshakufa,” akasema, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Alipatia. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kumhurumia Nan, na nadhani huko kujua mapema ndiko kulikonifanya nimhurumie. Stevens haigizi mtu anayekimbizwa na mzimu. Anaigiza mtu aliyezidiwa na upweke. Tazama anapoishiwa petroli usiku, akatokea baharia anayerudi melini kwake San Diego. Anavyomfurahia, utadhani ni ndugu aliyepotea! Baadaye Nan anajaribu kumgonga yule mwanamume wa barabarani, ambaye baharia hamwoni kabisa, na baharia anaamua kushuka. Nan anamsihi abaki, mpaka anamwambia amempenda, ndiyo maana akampa lifti. Maneno hayo kwenye karatasi yangeweza kuchekesha. Yeye anayatamka kwa haraka ya mtu anayeogopa mlango wa gari usifunguliwe, na mimi nilishindwa kumtazama usoni.

Asili ya hadithi hii ni mchezo wa redio wa Lucille Fletcher, ambao Orson Welles aliuigiza mwaka 1941, na dereva alikuwa mwanamume. Rod Serling, mwanzilishi wa The Twilight Zone, alipouandikia televisheni akamfanya mwanamke. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililomfungulia Stevens njia: msichana aliye peke yake barabarani usiku ana sababu ya kuogopa mwanamume asiyemjua hata kabla ya mizimu kuingia.

Halafu simu. Akiwa Arizona anampigia mama yake, anapokea mwanamke mwingine: mama amelazwa, hajapona mshtuko wa kufiwa na binti yake Nan, aliyekufa kwa ajali ya gari Pennsylvania siku sita zilizopita. Mwigizaji mwingine angepiga ukunga. Stevens anatulia. Sauti yake, inayotusimulia safari tangu mwanzo, inapoa mpaka haina hofu wala huzuni, kama nyumba iliyohamwa.

Dada alirudi na vikombe Nan akiwa bado kwenye simu. Hakuketi. Alisimama navyo mkononi mpaka Nan aliporudi garini, akatazama kioo, na kumwona yule mwanamume ameketi kiti cha nyuma.