Mabwawa ya Parys Mountain: shaba iliyovunwa majini kwa vyuma chakavu

Swali: Nimeona picha za Parys Mountain, juu ya bandari ya Amlwch katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Kuna mabwawa ya zamani yenye maji mekundu, na inasemekana walitupa vyuma chakavu humo wakapata shaba. Iliwezekanaje? Na maji yaliyotoka hapo yalikuwa yamesafishika?

Jibu: Shaba ilikuwa tayari imo majini. Mwamba wa Parys una salfaidi (madini yenye salfa) za shaba na za chuma. Zikipata hewa na maji, huku bakteria wakiharakisha kazi, hutoa asidi ya salfuriki inayoyeyusha shaba ikawa mrututu, ule ule unaonyunyizwa kwenye mibuni. Uchimbaji mkubwa ulioanza 1768 ulipopungua, maji yaliachwa yajae chini ya ardhi nyuma ya ukuta, yakakaa na mwamba, kisha yakafunguliwa kuelekea mabwawani. Kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20.

Bwawani chuma huyeyuka na shaba hujitenga kama matope ya kahawia. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya shaba hula kilo 0.88 za chuma. Maji yenye gramu 0.5 za shaba kwa lita yatatoa nusu kilo katika kila lita 1,000. Kwa vitendo chuma hutumika kilo 1.5 hadi 2.5 kwa kila kilo ya shaba, kwa sababu asidi yenyewe hula chuma na kutoa gesi ya haidrojeni, na kutu iliyoyeyuka majini nayo hula sehemu yake.

Chuma chembamba kisicho na rangi wala mafuta ndicho kinachofaa, kwa kuwa shaba hushika juu ya uso tu. Hapo ndipo kazi huharibika mara nyingi: asidi ikipungua hadi pH (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi inapopungua) ikaribie 4, kutu ya manjano hujitenga na kukifunika chuma, na kila kitu husimama ingawa shaba bado imo. Ndiyo maana vyuma hugeuzwa na kusuguliwa. Kujua kama shaba imekwisha, chovya msumari uliong'arishwa kwa msasa kwa dakika chache; ukibaki mweupe, shaba iliyobaki ni kidogo mno. Matope yakaushwe mapema, maana yakiachwa na unyevu huanza kugeuka kuwa oksidi.

Tafadhali usijaribu jambo hili ndani ya chumba. Maji ya migodi huweza kuwa na aseniki, na aseniki, asidi na chuma vikikutana hutoa gesi ya arsini, ambayo huua.

Kuhusu usafi, jibu ni hapana, na watu wengi hukosea hapa. Kila shaba inayotoka huacha chuma mahali pake, asidi hubaki kwa sehemu kubwa, na zinki haiguswi kabisa. Parys walituliza maji hayo katika mabwawa mengine wakavuna udongo wa manjano wa kutengenezea rangi, lakini yaliyobaki yaliingia mtoni. Mwaka 2003 maji yaliyokuwa nyuma ya ukuta yalipompwa, kwa hofu kwamba ungepasuka na kuufurikia mji wa Amlwch, kisha ukuta ukabomolewa; hadi leo maji ya mgodi hupita mto Afon Goch hadi baharini. Kuyasafisha kweli kunahitaji chokaa: chuma kilichooksidishwa huanguka pH ikifika karibu 4, lakini zinki husubiri hadi karibu 9.