Je, mjomba angepona kama wenye dawa wangewahi?

SWALI: Shikamoo Bi Muuguzi. Naishi Ontario, Kanada. Machi mjomba wangu, miaka 64, alianguka jikoni akimenya viazi. Nikapiga 911. Wazima moto walifika kwanza na mashine ya kushtua moyo. Wahudumu wenye dawa na mrija wa kooni wakaja baadaye. Akafariki. Binamu zangu wanasema wale wa pili wangewahi, baba yao angepona. Mimi nilisimama mlangoni na simu, sikumgusa. Niliogopa kumvunja mbavu. Wana haki ya kulaumu?
Mpwa, Ontario

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Swali la binamu zako lilipimwa hapohapo mnapoishi. Dk. Ian Stiell na wenzake walifuatilia watu zaidi ya 5,600 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali, katika miji 17 ya Ontario. Kwa miezi 12 wahudumu walitegemea mashine ya kushtua tu. Kisha, kwa miezi 36, wakaongezwa waliofundishwa kuingiza mrija kooni na kuchoma dawa mshipani. Majibu yakatoka 2004: waliotoka hospitali hai walikuwa asilimia 5.0 kabla, na 5.1 baada. Waliofika kulazwa wodini ndio walioongezeka, kutoka asilimia 10.9 hadi 14.6. Wakafia huko.

Hilo la kufia wodini nalijua kwa macho. Miaka 29 nimekaa zamu ya dharura. Unachoma adrenalini, mapigo yanarudi, mke nje anapiga vigelegele, na wewe unatazama mboni za mgonjwa, hazisinyai hata ukimulika tochi. Uingereza waliigawa adrenalini na maji ya chumvi kwa wagonjwa 8,014 bila wahudumu kujua kipi ni kipi. Majibu ya 2018: waliokuwa hai siku ya 30 ni asilimia 3.2 kwa adrenalini, 2.4 kwa maji. Inasaidia kidogo, siikatai. Lakini kati ya walionusurika, walioumia ubongo vibaya walikuwa asilimia 31 upande wa dawa, na 17.8 upande wa maji.

Basi hao wa gari la pili binamu zako wawasamehe.

Sehemu inayofuata nimeiandika na kuifuta mara mbili. Kule Ontario, waliokandamizwa kifua na mtu aliyekuwa karibu walikuwa na nafasi ya kupona karibu mara nne ya wengine. Sikuambii ili ubebe kaburi la mjomba. Hata kati ya hao, wengi walikufa. Nakuambia kwa sababu umeuliza, na kwa sababu shangazi bado yuko nyumba hiyohiyo.

Mara nyingine weka simu spika sakafuni, yule wa 911 atakuongoza. Kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Zamisha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukishuka uachie kifua kiinuke chenyewe. Utachoka upesi kuliko unavyodhani, kwa hiyo ita mtu mpokezane kila dakika mbili. Mbavu zitalia. Mimi nimezisikia zikilia mara nyingi, na waliopona walilalamikia kifua wiki kadhaa huku wanakula ugali.