Mchezo wa kusafiri nchi kwa nchi: uzoefu wa nyumbani kwangu Dodoma

Ndugu mleta mada, umeuliza kama mchezo wa kusafiri nchi kwa nchi utawafaa watoto wa umri tofauti wanaocheza pamoja na wazazi, au utaishia juu ya kabati kama ludo yenu. Hapa kwangu Nkuhungu tunaucheza mwaka wa tatu sasa, na jibu langu ni kwamba utawafaa sana, ila tafuta ule ambao mipaka ya nchi ndiyo inayoamua mshindi, wala si dadu.

Sisi tulianza kwa kuazima 10 Days in Africa, mchezo wa Alan R. Moon na Aaron Weissblum uliotoka mwaka 2003. Kila mchezaji hupanga kadi kumi mbele yake, yaani siku kumi za safari, na zamu yake ikifika huokota kadi moja na kuiweka mahali pa nyingine, hadi siku zote kumi ziungane. Nchi zinazopakana huvukwa kwa miguu, gari hukuvusha nchi moja iliyo katikati, na ndege hukubali tu pale rangi yake inapolingana na rangi za nchi zote mbili. Kadi ikishawekwa haisogezwi, inaondolewa tu.

Kwa kuwa ramani ya mchezo ule ni ya kabla ya Sudan Kusini kupata uhuru mwaka 2011, tuliamua kutengeneza wa kwetu. Tulikata boksi la karatasi kwa wembe na rula, tukapata kadi za nchi 54, za magari na za ndege, kisha tukanunua ramani ya ukutani ya Afrika. Visiwa kama Madagaska na Komoro tuliviachia ndege pekee.

Hapo ndipo nilipoona faida yake. Binti yangu wa miaka tisa aliiweka Lesotho siku ya tano, akahangaika raundi nne akiitafutia majirani, mpaka alipoinuka mwenyewe kwenda kuigusa ramani kwa kidole na kukuta imezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Tangu siku hiyo Lesotho huiweka mwanzo au mwisho wa safari, na katikati huipenda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye majirani tisa.

Kongo hiyohiyo ilituletea ubishi. Kaka yake alitoka Tanzania akaingia Kongo kwa miguu, na mjomba wao, dereva wa lori anayepita hapa Dodoma kwenda Singida, Nzega na Rusumo hadi Rwanda, akamzuia: mpaka wetu na Kongo wote umo ndani ya Ziwa Tanganyika, hakuna pa kukanyaga. Nilifurahi mno kusikia jambo hilo likijadiliwa sebuleni kwangu. Tukakata kadi moja ya meli, na bila hiyo hakuna anayevuka hapo.

Kuhusu mtoto wako mdogo wa miaka sita, usimwache acheze peke yake mwanzoni. Wa kwangu nilimkalisha ubavuni, tukashirikiana kadi zilezile kumi, yeye akichagua rangi za ndege nami nikimsomea majina. Baada ya miezi michache aliomba kadi zake mwenyewe.